UWAKILI WA MRITHI ALIYE NG'AMBO

Bismillahi Rrahmani Rrahim

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mrithi wa mbingu na nchi, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyeyakadiria mafungu ya mirathi, asimwachie mfalme wala mwanachuoni kuyakadiria. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na ali zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya haya. Liko swali ambalo huulizwa mara nyingi baada ya matanga, na jawabu lake hudhaniwa kuwa jepesi. Mtu aliye mbali na nchi iliyo mirathi yake, akimwandikia mwenziwe hati ya uwakili, je, amekwisha kutoka katika dhima? Na yule aliyeandikiwa, je, amepewa nini? Yule wa mbali husema, "Mimi nimekwisha mpa mtu." Na yule aliyepewa husema, "Mimi ndiye mwenye hati." Na baina ya maneno haya mawili zimepotea haki nyingi za wajane na mayatima, wala hapana mwizi aliyevunja mlango.

Jawabu lililokusudiwa kubainishwa katika kurasa hizi ni hili: uwakili huhamisha mkono, hauhamishi haki; na mwenye kutoa hati hatoki katika dhima kwa kuitoa, bali ameingia katika dhima nyingine.

Na ajue msomaji ya kuwa uwakili unaotajwa hapa si kazi ya mwanasheria wa mahakamani, ambaye siku hizi naye huitwa wakili. Muradi wake ni ule wa vitabu vya fiqhi: mtu kumsimamisha mwenziwe mahali pake katika jambo ambalo yeye mwenyewe ana haki ya kulifanya, na ambalo lakubali kufanywa kwa niaba. Na asili yake imethubutu. Vijana wa Pangoni, ambao khabari yao imo katika Sura ya Al-Kahf, walimtuma mmoja wao mjini na fedha yao, wakamwambia atazame chakula kilicho safi, na awe mpole, wala asimjulishe mtu khabari yao. Na Bwana Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa Al-Bariqi dinari moja amnunulie mbuzi, Urwa akanunua wawili, akamwuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari ile ile. Na imepokewa ya kuwa alimfanya Amr bin Umayya kuwa wakili wake katika ndoa ya Bibi Ummu Habiba, naye bibi yuko Uhabeshi ng'ambo ya bahari, na Bwana Mtume yuko Madina. Basi uwakili wa kuvuka bahari si jambo jipya wala si jambo baya. Ubaya huingia pale mipaka yake isipojulikana.

Na jambo hili laonekana wazi sana katika mwambao wa Ziwa Nyasa na milima ya Mbinga iliyo juu yake. Watu wa pwani ya bahari wana jamaa huko tangu zamani. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Kilwa ikafika ziwani, na katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Jumbe, alifanya makao yake Nkhotakota, upande wa magharibi, na majahazi yakawa yakivuka toka ng'ambo hii kwenda ng'ambo ile. Njia ile ilikuwa ya pembe na ya watumwa pia, na hilo halifichiki wala halifai kufichwa. Walakini ndiyo iliyochanganya damu na nyumba za watu. Kisha tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani wakaandikiana mapatano ya mipaka, na jamaa moja wakawa chini ya dola mbili. Mtu wa Mbamba Bay aliye na dada yake Nkhata Bay, maji tu ndiyo yaliyo kati yao, naye kwa sheria ya serikali dada yake yuko nchi ya ugenini.

Baadaye wanaume wa kusini-magharibi mwa Tanganyika wakawa wakiandikishwa kwenda migodini Afrika Kusini, na watu wakaiita safari hiyo Wenela, kwa jina la chama kilichowaandikisha. Serikali ilikata uandikishaji huo baada ya uhuru wa mwaka 1961, lakini wako waliokwenda wasirudi. Na baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, na zaidi baada ya Sultani Qabus kushika ufalme mwaka 1970, watu wengi wenye asili ya Omani walihama kwenda Maskati na miji mingine ya huko. Kwa hivyo maiti akifa leo Mbamba Bay au Liuli au Lituhi, au juu milimani kwenye mibuni ya Wamatengo, aghalabu hapana warithi wake wote mbele ya jeneza.

Na mali ya huko haiwi ndogo tena. Mwaka 2012 mwambao ule ulitengwa na Mbinga ukafanywa wilaya yake peke yake, Wilaya ya Nyasa. Barabara ya kilomita 66 toka Mbinga hadi Mbamba Bay imekwisha tiwa lami, na mwaka 2024 likawekwa jiwe la msingi la bandari mpya. Kiwanja ambacho zamani ndugu walimwachia ndugu yao aliyebaki, kwa kuwa hakina mnunuzi, sasa kina wanunuzi watatu kabla ya arubaini. Hapo ndipo hati hutafutwa.

Na ichukuliwe mfano, kama wafanyavyo wenye vitabu, kwa majina ya kukadiria tu. Zaidi ni mtu wa asili ya Kilwa aliyekaa Mbamba Bay miaka mingi. Ana nyumba karibu na ufuo, na shamba la kahawa milimani Mbinga, na mashua na nyavu zake. Amekufa, ameacha mke, na wana wawili wanaume, na mabinti watatu. Mwana mkubwa, Khalidi, yuko Maskati. Binti mmoja ameolewa Nkhata Bay. Mama na wengine wamo nyumbani. Na Zaidi ana ndugu, jina lake Bakari, aliye mtu wa akili na mwenye kujua njia za maofisini. Hakuacha wasia, ila ameacha deni la shilingi milioni 4 katika duka moja la Songea. Na mali yote, baada ya gharama za maziko, thamani yake ni milioni 28.

Hesabu yake ni hii. Deni hutangulia, kwa kuwa Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa ameyaweka mafungu baada ya wasia na deni. Zabaki milioni 24. Mke, kwa kuwa maiti ana watoto, fungu lake ni thumuni. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume kwa mafungu mawili ya mwanamke. Basi mali hugawanywa mafungu 8: mke 1, kila binti 1, na kila mwana 2. Fungu moja ni milioni 3. Ndugu, Bakari, hana fungu, kwani wana wanaume wamemzuia. Jambo hili lishikwe vema, kwa sababu yote yatakayokuja yamejengwa juu yake: katika mafungu 8, Khalidi ana 2, na Bakari hana hata moja.

Mas'ala ya kwanza ni hati ya maiti mwenyewe. Zaidi alipougua alikwenda Kilwa kutibiwa, akamwandikia Bakari hati amwuzie kahawa yake na kumkusanyia kodi ya chumba cha nyumba, na huko Kilwa ndiko alikofia. Je, Bakari aweza kuendelea kwa hati ile? Hawezi. Katika madhehebu ya Imamu Shafi'i uwakili ni akdi jaizi: kila mmoja wa wawili aweza kuivunja saa yoyote, nayo huvunjika yenyewe kwa kufa mmoja wao au kuondokewa na akili. Na sheria ya serikali yasema hivyo hivyo, ya kuwa uwakili hukoma kwa kufa aliyeutoa. Saa ile Zaidi alipokata roho, kahawa haikuwa ya Zaidi tena. Imekuwa ya watu 6, na hapana katika hao hata mmoja aliyempa Bakari ruhusa. Akiiuza kesho yake kwa hati ya zamani, ameuza mali ya watu. Linalomlazimu ni kukihifadhi kilichomo mkononi mwake kwa kuwa ni amana, na kuwajulisha wenyewe. Watu wengi walio wema wameanguka katika shimo hili kwa kutokujua tu, wakidhani ya kuwa hati yenye muhuri haifi.

Na hapa yafaa kupambanua mikono mitatu ambayo watu huichanganya. Wako wasii, naye ni yule aliyeusiwa na maiti kabla ya kufa. Na yuko msimamizi wa mirathi, naye ni yule aliyethibitishwa na mahakama. Na yuko wakili wa mrithi, naye ni yule aliyetumwa na mrithi mmoja katika haki yake. Kenya na Unguja na Pemba ziko mahakama za kadhi zenye nguvu ya serikali. Tanzania Bara hazipo. Mirathi ya Waislamu wa Mbinga na Nyasa hupelekwa katika Mahakama ya Mwanzo, nayo yaweza kuifuata sharia ya Kiislamu, na ndiyo imwekayo msimamizi. Msimamizi huyo hutakiwa katika miezi 4 alete orodha ya mali na madeni, katika karatasi iitwayo Fomu Namba 5, na kisha alete hesabu ya alivyogawanya, katika Fomu Namba 6. Basi hati ya Khalidi kutoka Maskati haimfanyi Bakari kuwa msimamizi. Kabla ya mahakama kumweka msimamizi, na kabla ya deni la Songea kulipwa, mwenye hati hana la kuuza wala la kugawanya.

Mas'ala ya pili ni maneno ya hati. Khalidi alipopata khabari ya msiba alilia, na kwa imani aliyonayo juu ya baba yake mdogo akaandika ya kuwa amempa uwakili katika mambo yake yote, makubwa na madogo. Akaitia sahihi mbele ya mwenye mamlaka, akaipeleka. Maneno haya yapendeza masikioni, lakini Imamu Nawawi katika Minhaj amesema ya kuwa uwakili wa namna hii, wa kila kikubwa na kidogo, hausihi. Na sababu yake ni dhahiri: mwenye kusema hivyo hajui alichokitoa, na mwenye kupewa hajui alichokipewa, na baina ya wasiojua wawili huingia hatari. Kinachosihi ni kulitaja jambo: kupokea fungu lake katika mirathi ya baba yake, au kuuza fungu lake katika shamba la mahali fulani, au kumsimamia mbele ya mahakama fulani. Vijana wa Pangoni hawakusema, "Nenda ukafanye utakalo." Walitaja fedha, na mji, na chakula, na mwendo.

Kuna atakayesema ya kuwa serikali huzipokea hati za maneno mapana, na wenye kuandika hati huziandika hivyo kila siku. Na iwe hivyo. Kupokelewa ofisini ni jambo moja, na kuwa halali baina ya mja na Mola wake ni jambo jingine. Mwenye kutaka salama ya yote mawili ataandika maneno yaliyotajwa na mipaka yake, akatia sahihi mbele ya ofisa wa ubalozi au mthibitishaji wa hati, na hati ikigusa ardhi iliyosajiliwa akaisajilisha kwa msajili. Na kama amekwisha kuchukua uraia wa nchi nyingine, na aulize kwanza hali ya haki yake katika ardhi kabla ya kumtuma mtu. Ama yule binti wa Nkhata Bay, asiyekuwa na nauli ya kwenda ubalozini, asidhani ya kuwa sharia imemsahau. Uwakili kwa sharia wasihi kwa ulimi, mbele ya mashahidi wanaomjua. Na kuikosa karatasi hakupunguzi fungu lake hata punje moja. Kinachohitaji karatasi ni mahakama, ili ijue, nayo ina haki kuihitaji. Nduguze walio hapa ndio wanaopasiwa kumsaidia aipate, wala si kuufanya umasikini wake kuwa hoja ya kumpita.

Mas'ala ya tatu ndiyo iliyo kubwa: mwisho wa mkono wa wakili. Wakili hawi na haki zaidi ya yule aliyemtuma. Khalidi ana mafungu 2 katika 8. Lau angekuja mwenyewe kwa merikebu akasimama mlangoni, asingeweza kuiuza nyumba ambayo mama yake ana fungu ndani yake na dada zake wana mafungu. Basi kile ambacho mwenyewe hawezi, ataweza vipi mtu aliyesimama mahali pake? Bakari akiiuza nyumba nzima kwa hati ya Khalidi, ameuza 2 alizotumwa na 6 asizotumwa. Na mauzo ya mtu katika mali ya mwenziwe bila ya idhini ni batili kwa kauli mpya ya Imamu Shafi'i. Hukumu ya bei kama hiyo, kwa kauli yenye nguvu, ni kugawanyika: yaweza kusihi katika sehemu ya mwenye kuwakilisha, na haisihi katika sehemu za wengine, na mnunuzi asiyejua ana khiari ya kuivunja. Yule mgeni aliyelipa fedha yake akadhani amepata nyumba, amepata robo ya nyumba na kesi.

Tena hata katika yale mafungu 2, mkono una adabu zake. Wakili aliyeambiwa "uza" bila ya sharti zaidi, huuza kwa fedha ya nchi ile, mkono kwa mkono, wala si kwa mkopo, wala si kwa hasara iliyopindukia. Hajiuzii mwenyewe, wala hamwuzii mwanawe mdogo, ijapokuwa kwa bei nzuri, kwa kuwa mtu mmoja hawi mwenye kutafuta bei ya juu na mwenye kutafuta bei ya chini saa moja. Hamtumi mwingine katika jambo aliwezalo yeye, ila kwa idhini. Hakiri kwa niaba ya mwenyewe, akasema, "Khalidi amekubali ya kuwa shamba lile halikuwa la baba yake," kwani kukiri kwa uwakili hakusihi kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Na ujira wake ni ule waliopatana kabla ya kazi. Asiyepatana hana ujira, wala hana ruhusa ya kujikatia mwenyewe kwa jina la nauli na chai.

Na mnunuzi akimpa Bakari laki tano za asante, ni za nani? Jawabu lake limo katika khabari ya Ibn Al-Lutbiyya. Bwana Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka, aliporudi akasema ya kuwa hii ni yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Bwana Mtume akasimama juu ya mimbari, akauliza, je, lau mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, zawadi ingalimfikia? Basi Bakari na ajiulize vivyo hivyo: lau asingekuwa na hati ya Khalidi, je, mtu yule angalimpa laki tano?

Mas'ala ya nne ni kunyamaza kwa waliobaki. Bakari ataulizwa, "Na mjane, na mabinti, walisemaje?" Naye atajibu, "Hawakusema neno." Hii ndiyo hoja itumikayo zaidi katika nchi za pwani na za ziwani, nayo haina mguu. Kanuni ijulikanayo ya Imamu Shafi'i ni kuwa aliyenyamaza hasemewi neno. Na mwanamke aliye katika eda yake, amezungukwa na mashemeji, hunyamaza kwa huzuni, na kwa haya, na kwa khofu ya kuambiwa ana tamaa, na hayo yote si ridhaa. Hata akisema, "Nimewaachia," wanazuoni wamesema ya kuwa kilichotolewa kwa upanga wa haya ni haramu kwa aliyekitwaa. Tena mirathi huingia katika milki ya mtu bila ya kukubali kwake. Akitaka kuliacha fungu lake, basi na alipewe kwanza, alijue kiasi chake, kisha atoe kwa ukunjufu wa moyo. Huyo ametoa hiba. Ama asiyejua ya kuwa fungu lake ni milioni 3, akaambiwa aseme ameacha, ameacha nini?

Na khabari ya Saad bin Rabii yatosha kwa mwenye kuogopa. Alikufa shahidi Uhud, akaacha mke na mabinti wawili, na ami yao akaitwaa mali yote, kama ilivyokuwa desturi ya Waarabu. Yule mjane hakunyamaza. Alikwenda kwa Bwana Mtume na mabinti zake, akaeleza ya kuwa mali imekwenda, na binti asiyekuwa na mali haposwi. Zikashuka aya za mirathi, na Bwana Mtume akampelekea ami yao amri: wape mabinti thuluthi mbili, mpe mama yao thumuni, na kinachobaki ni chako. Ami yule hakuwa mwizi wa usiku. Alifuata yale aliyowakuta watu wakiyafanya. Nayo hayakumfaa.

Mas'ala ya tano ni ya yule aliye mbali, naye ndiye anayejidhania kuwa salama kuliko wote. Khalidi atasema, "Mimi nimemwamini mtu mzima, ndugu wa baba yangu. Akidhulumu, dhulma ni yake." Hakika dhulma ni ya mwenye kudhulumu, lakini Khalidi hakuachiliwa. Mkono wa wakili ni mkono wa amana: akisema mali imepotea pasipo taksiri yake, au akasema amekwisha kumrudishia mwenyewe, husadikiwa kwa kiapo. Sharia imempa wakili heshima kubwa namna hii, kwa sababu lau kila wakili angedhaminishwa, hapana mtu angemfanyia mwenziwe kazi. Kwa hivyo mlango wa kuzuia dhulma uko mwanzoni, katika kuchagua, na katika kuweka mipaka, na katika kutaka hesabu. Aliyeuacha mlango huo wazi, na dada zake wamo ndani ya nyumba, asiseme ya kuwa hakuvunja yeye. Hati iliyomfikia mnunuzi ina jina la Khalidi na sahihi ya Khalidi. Lau isingekuwako, Bakari asingekuwa na la kuonyesha.

Atasema, "Kumtaka baba mdogo hesabu ni kumvunjia heshima." Sivyo. Bwana Mtume alimhesabia yule aliyemtuma katika zaka, na hapana aliye na adabu kuliko yeye. Mwenye kumwomba ami yake hesabu kwa maneno mazuri amemlinda na uvumi wa watu, na amemlinda na nafsi yake. Walioharibikiwa na ndugu zao aghalabu si wale walioulizana mapema, ni wale walioona haya kuulizana mpaka mali ikaisha, ndipo wakaulizana mahakamani.

Na iko dhulma nyingine ya aliye mbali ambayo haitajwi: kutokujibu. Warithi wa Mbamba Bay hawawezi kugawana, deni la Songea halilipwi, mashua yaoza mchangani, na yule wa Maskati aulizwa kila mwezi, naye asema atakuja mwakani. Haki yake haipotei kwa kukaa, walakini hana ruhusa ya kuzifunga haki za wengine kwa uvivu wake. Amri ya kurudisha amana kwa wenyewe yamhusu yeye kama imhusuvyo Bakari. Kumwandikia mtu uwakili wenye mipaka, upesi, ni wajibu juu yake pale kuchelewa kwake kunapowadhuru wenziwe.

Ama yule aliyepotea, kama waliokwenda migodini na khabari zao zikakatika, huyo hapana awezaye kujitia kuwa wakili wake, kwani hapana aliyesikia akiwakilisha. Akifa baba yake naye hajulikani yu hai au amekufa, fungu lake husimamishwa na kuhifadhiwa, hata ithubutu kufa kwake, au mwenye mamlaka ya hukumu ahukumu ya kuwa amekufa baada ya muda ambao mfano wake haishi zaidi ya huo. Wala halali fungu hilo kwa kuwa mwenyewe hayupo kulitetea. Mwenye kulitetea ni Yule asiyeghibu.

Basi katika mfano uliotajwa, lililo sawa ni hili. Bakari aikunje hati ya maiti na aseme imekwisha. Warithi wote, na yule wa Nkhata Bay katika wao, waafikiane juu ya msimamizi, na mahakama imthibitishe. Orodha iandikwe, mashua na nyavu zimo, kahawa iliyouzwa baada ya kifo imo. Deni lilipwe. Kisha mafungu 8 yatajwe kwa sauti mbele ya mjane na mabinti, kila mmoja asikie lake. Hapo ndipo hati ya Khalidi, iliyoandikwa upya kwa mafungu 2 tu, ipokee milioni 6 au mfano wake katika ardhi. Na Khalidi akimwona wakili wake amepita mpaka, na amtoe mara moja. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi'i, katika kauli yenye nguvu, wakili hutoka kwa kutolewa ijapokuwa hajapata khabari. Lakini na ashuhudize watu, na aijulishe mahakama na ofisi ya ardhi, ili mnunuzi asidanganyike kwa karatasi iliyokufa.

Na nyumba ile, ikiwa warithi wataiuza, na iuzwe kwa ridhaa ya wote 6. Ikiwa mjane ataka kukaa ndani ya fungu lake na mafungu ya mabinti zake, hayo ni mafungu 4, nusu ya nyumba, wala hapana hati yoyote duniani, ya Maskati wala ya Songea, iwezayo kumtoa katika nusu hiyo.

Watu husema ya kuwa mirathi huvunja udugu. Mirathi haikuvunja udugu, kwani aliyeigawanya ndiye aliyeamrisha kuunganisha jamaa. Kinachouvunja ni mkono uliozidi haki yake, na mwenye haki aliyelala akausahau mkono wake mwenyewe. Na siku ambayo hapana mtu atakayekuwa wakili wa mtu, kila mmoja atasimama na kitabu chake, na sahihi zote zitasomwa.

Mwenyezi Mungu atupe sote kuzijua haki na kuzitimiza. Wallahu aalam. Wabillahi ttaufiki.